Damu chooni si kichocho kila mara, muulize mzee wako mapema

Kama kwenu ni Mfangano, Rusinga, Remba au ufuo wowote wa Homa Bay na Migori, kuna maneno matatu umeyasikia tangu utotoni: "Ni kichocho tu." Mtoto akilia tumbo, ni kichocho. Mvuvi akiona damu kwenye choo chake, ni kichocho. Atapewa vidonge, atameza, atapumzika siku moja, na usiku unaofuata yuko tena ziwani na taa zake akisaka omena.

Mara nyingi wanaosema hivyo huwa hawajakosea. Ziwa Victoria lina konokono wanaobeba vimelea vya kichocho cha utumbo, na mtu anayeingia majini kila siku kuvuta nyavu, kufua au kuchota maji ya kupikia hawezi kuvikwepa kirahisi. Kichocho hicho huleta maumivu ya tumbo, kuhara na damu kwenye choo.

Shida ni kwamba kansa ya utumbo mpana nayo inaweza kujitokeza kwa dalili hizo hizo. Damu haina lebo. Haikuambii imetoka kwa mnyoo, kwa bawasiri au kwa uvimbe unaokua polepole ndani ya utumbo. Mahali ambapo kila damu ina jibu tayari, ugonjwa mwingine unaweza kujificha nyuma ya jibu hilo kwa miaka.

Sasa wewe uko Nairobi, Kisumu au Mombasa, unasoma haya kwa simu ndani ya matatu, na huenda unajiuliza yanakuhusu vipi. Yanakuhusu mara mbili. Kuna mwili wako mwenyewe, halafu kuna mzee wako kule nyumbani, ambaye hatamwambia mtu yeyote kuhusu choo chake mpaka aulizwe.

Miaka 41 pekee

Tuanze na wale wanaodhani huu ni ugonjwa wa wazee.

Unamkumbuka Ken Okoth? Kijana wa Kibra, mwanafunzi wa zamani wa Starehe, akachaguliwa mbunge wa Kibra mwaka wa 2013 na tena 2017. Familia yake asili yake ni Kabondo, hapo hapo Kaunti ya Homa Bay. Mapema mwaka wa 2019 alijitokeza hadharani na kusema ana kansa ya utumbo mpana, na kwamba imeshafika hatua ya nne. Alienda Ufaransa kutibiwa, akarejea nyumbani Julai, na tarehe 26 mwezi huo akafariki jijini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 41.

Mwezi huo Wakenya hawatausahau. Tarehe 1 Julai, Bob Collymore wa Safaricom alikuwa ameaga kwa kansa ya damu. Siku tatu baada ya Okoth, gavana wa Bomet Joyce Laboso naye akafariki kwa kansa. Kwa wiki chache, kila mtu nchini alikuwa anazungumzia kansa. Halafu kelele zikapoa, kila mtu akarudi kwa shughuli zake.

Mwaka uliofuata, Agosti 2020, dunia ikaamkia habari kwamba Chadwick Boseman, yule mwigizaji wa filamu ya Black Panther, amefariki akiwa na miaka 43. Ni kansa hiyo hiyo. Alikuwa ameambiwa anaugua tangu 2016, na alicheza filamu kadhaa tulizompigia makofi huku akipata matibabu kimyakimya.

Hao wawili hawakuwa wazee. Ni kweli kwamba hatari ya ugonjwa huu hupanda kadiri umri unavyosonga, na wagonjwa wengi duniani wamevuka miaka 50. Lakini katika nchi nyingi idadi ya wagonjwa walio chini ya umri huo imekuwa ikiongezeka, na madaktari wa upasuaji Nairobi wameandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa vijana wanaofika hospitalini wakiwa wamechelewa. Kijana akiona damu hujiambia ni pilipili. Wakati mwingine hata daktari, akiona uso wa kijana, huwaza bawasiri kwanza.

Ugonjwa wenyewe ukoje?

Utumbo mpana ni ile sehemu ya mwisho ya utumbo, ambapo maji hufyonzwa na choo kutengenezwa kabla ya kutoka. Ndani ya ukuta wake huweza kuota vijinyama vidogo. Vingi havina madhara yoyote. Vichache hubadilika taratibu, na baada ya muda mrefu, mara nyingi miaka kumi au zaidi, vinageuka kuwa kansa.

Hebu soma tena hiyo miaka kumi, kwa sababu hapo ndipo penye matumaini. Kansa nyingi hazitoi nafasi kama hiyo. Kijinyama kikionekana mapema, daktari hukikata wakati ule ule wa uchunguzi, na kansa ambayo ingekuja huenda isije kamwe. Hata kansa yenyewe ikiwa imeshaanza lakini bado iko ndani ya utumbo, upasuaji unaweza kuimaliza. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba karibu watu 9 kati ya 10 wanaogunduliwa katika hatua hiyo ya mwanzo huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishasambaa hadi kwenye ini au mapafu, wanaofika miaka hiyo mitano hawazidi 2 kati ya 10.

Ugonjwa ni ule ule. Tofauti kubwa ni siku ambayo mtu alienda kupimwa.

Na si ugonjwa wa nadra. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka wa 2020 watu zaidi ya milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nao, na zaidi ya 930,000 wakafariki. Hapa Kenya, uko miongoni mwa kansa tano zinazopatikana zaidi, pamoja na ile ya matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio.

Dalili za kuangalia ni hizi: damu kwenye choo, iwe nyekundu au nyeusi, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kikawa kigumu au cha kuhara bila sababu, choo kuwa chembamba kuliko kawaida, kuhisi haja haijaisha hata baada ya kutoka chooni, maumivu ya tumbo yasiyoisha, kukonda bila kutaka, na uchovu unaotokana na kupungukiwa damu. Ila mwanzoni kabisa mtu anaweza asihisi chochote. Ndiyo maana kuna uchunguzi wa watu wasiougua.

Kupimwa ni vipi, na lini?

Miongozo ya Wizara ya Afya kuhusu uchunguzi wa kansa, iliyotolewa 2018, inataka mtu wa kawaida asiye na dalili aanze kupimwa kansa ya utumbo mpana akifika miaka 45. Kuna njia mbili kuu.

Ya kwanza ni kipimo cha choo kinachoitwa FIT. Unachukua sampuli ndogo ya choo chako, mwenyewe, faraghani, na maabara inatafuta damu ambayo jicho haliwezi kuiona. Hurudiwa kila mwaka. Hakuna sindano wala kulazwa.

Ya pili ni kolonoskopi. Daktari anapitisha mrija mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa na kuangalia utumbo wote. Unapewa dawa ya kukutuliza, kwa hivyo wengi hawakumbuki hata kilichofanyika. Kikionekana kijinyama, kinakatwa hapo hapo. Yakiwa safi, majibu hayo huweza kukutosha kwa miaka kumi.

Kama mzazi, kaka au dada yako aliwahi kuugua kansa hii, usisubiri 45. Madaktari hupendekeza kuanza ukiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliogunduliwa nao huyo ndugu, lolote litakalotangulia. Kwa mfano, baba akigunduliwa na miaka 44, mtoto aanze kuulizia kipimo akiwa na 34.

Na kama tayari unaona damu kwa macho yako, hiyo si hali ya kujipima nyumbani na kutulia. Mwone daktari, uwe na miaka 23 au 73.

Kisiwani hesabu ni nyingine

Mpaka hapo mambo yanaonekana rahisi. Sasa yaweke Mfangano.

Kipimo cha FIT hutambua damu, hakitambui imetoka wapi. Penye kichocho kingi, watu wengi wanaweza kuwa na damu hiyo bila kansa yoyote. Hivyo mhudumu wa afya anayempa mzee wako dawa ya kichocho hafanyi vibaya hata kidogo. Kosa huja baadaye, mzee anapomeza dawa, damu isiishe, na yeye aseme kichocho kimerudi, ameze tena, na tena. Mwaka unapita.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi: dawa imemezwa na damu bado ipo wiki chache baadaye, rudi na useme wazi, "Nilitibiwa kichocho, damu haijaisha, naomba rufaa." Sentensi hiyo inaweza kuokoa maisha. Mfundishe mzee wako aikariri.

Wengine huuliza kama kichocho chenyewe huleta kansa. Kile cha mkojo, kinachopatikana sana Pwani, kinajulikana kusababisha kansa ya kibofu. Hiki cha utumbo kilichoko ziwani hakijathibitishwa kusababisha kansa ya utumbo mpana. Kinachofanya ni kuificha.

Halafu kuna safari. Sena kuna kituo cha afya, lakini kolonoskopi haifanywi kisiwani. Mgonjwa lazima apande mashua mpaka Mbita, mwendo wa zaidi ya saa moja majini hali ya hewa ikiwa nzuri. Kutoka Mbita atachukua gari hadi Homa Bay, au avuke kwa feri hadi Luanda K'Otieno kuelekea Kisumu, kwenye hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga.

Kuna jambo moja ambalo mabango ya afya huwa hayasemi. Kabla ya kolonoskopi, utumbo lazima uwe mtupu. Siku moja kabla, mgonjwa hanywi ila maji na vinywaji vyepesi, kisha anakunywa dawa ya kuharisha mpaka kinachotoka kiwe maji tu. Atakwenda chooni mara nyingi sana usiku huo.

Sasa mfikirie mzee wa miaka 60 amepewa dawa hiyo aende nayo nyumbani, ainywe jioni, kisha alfajiri apande mashua iliyojaa watu na magunia ya omena. Mashua haina choo. Hawezi. Na asipoweza, hatakuambia ni kwa nini. Atasema tu kwamba amepona.

Hapo ndipo bedsitter yako inapoingia. Kama uko Kisumu, au una rafiki Kisumu, au binamu Homa Bay mjini, chumba kimoja chenye choo cha ndani kwa siku mbili ni matibabu. Mzee afike siku mbili kabla, alale kwako, anywe dawa akiwa karibu na choo chenye mlango na maji, na asubuhi umsindikize hospitalini. Atahitaji mtu wa kumrudisha pia, kwa sababu ile dawa ya kutuliza humwacha na usingizi.

Utaanzaje kuongea?

Wacha tuseme ukweli, hakuna mtoto anayependa kumuuliza babake kuhusu choo. Kijijini haiendi hivyo. Na ukimwambia kuna kamera inayopitia nyuma, wazee wengi watafunga mazungumzo papo hapo.

Lakini ziwa hili limeshapita njia ngumu kuliko hiyo. Miaka ya nyuma, mtu akikonda kwa Ukimwi watu walisema ni chira, amevunja mwiko, na familia ikanyamaza. Kulingana na takwimu za serikali za 2014, Homa Bay ilikuwa na kiwango cha asilimia 25.7, cha juu kuliko kaunti zote. Watu walizungumza, makanisani, ufuoni, redioni na nyumba kwa nyumba, mpaka kupimwa kukawa jambo la kawaida. Leo mvuvi anaweza kukuambia tarehe yake ya kuchukua dawa bila kupepesa macho. Jamii iliyoweza kusema hilo kwa sauti haiwezi kushindwa na neno "choo".

Pitia njia ambazo mila imekuachia. Kwa Waluo na Wasuba, mjukuu ana uhuru wa kutaniana na babu na nyanya kuliko mtoto na mzazi. Dani anaweza kuulizwa mambo ya ndani, tena akacheka. Kwa baba, mtume mjomba, au rafiki yake wa rika anayevua naye. Kwa mama, subiri mko wawili jikoni au kwa simu jioni, useme taratibu: "Mama, samahani nikiuliza kitu cha ndani kidogo. Ukienda choo, umewahi kuona damu siku hizi? Na je, tumbo?" Kisha nyamaza, umwache ajibu.

Akikataa kata kata, usigombane. Kuna nyamrerwa kijijini, yule mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu kama hao zaidi ya 100,000 nchini kote vifaa vya kazi. Yeye anaijua boma yenu, na akiuliza inakuwa kazi yake, haiwi umbea. Mpigie. Kisiwani pia kuna redio ya jamii, EK FM, inayotangaza kwa Kisuba. Kikundi chenu cha vijana wa Mfangano mlioko mjini, kile cha WhatsApp kinachochangisha pesa za matanga, kinaweza kuomba nafasi ya mhudumu wa afya azungumze hapo Machi, mwezi ambao dunia huadhimisha kansa hii.

Na sahani yako je?

Daktari Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya upasuaji Uganda kwa karibu miaka 20 kuanzia 1946. Jambo lililomshangaza ni jinsi magonjwa ya utumbo mpana, kansa ikiwemo, yalivyokuwa nadra kwa wagonjwa wake na mengi kwa watu wa Uingereza. Akahusisha hilo na chakula: watu wa hapa walikula nafaka zisizokobolewa, mboga na mizizi, vyenye nyuzinyuzi tele, na choo hakikukaa tumboni.

Mwaka wa 2015 watafiti walichapisha jaribio la kuvutia. Walichukua Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakabadilishana chakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani walikula chakula cha kijijini, wenzao wakala baga na vibanzi. Ndani ya wiki hizo mbili, hali ya utumbo wa Wamarekani ilikuwa imeboreka, na ya wale wengine imeharibika.

Unaona inakoelekea. Kijijini ulikula ugali wa mtama, osuga, apoth na samaki. Mjini ni smokie pasua asubuhi, chips saa saba, na soseji usiku kwa sababu umechoka kupika. Mwaka huo huo wa 2015, taasisi ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani iliweka nyama za kusindikwa, soseji na smokie zikiwemo, kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Gramu 50 kila siku, kama soseji moja hivi, huongeza hatari ya kansa ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Hakuna anayesema smokie moja ya Ijumaa itakuua. Ila isiwe chakula chako cha kila siku. Pombe na sigara nazo zinaongeza hatari, na mwili usiofanya mazoezi vilevile.

Fanya haya wikendi hii

Piga simu nyumbani na uulize lile swali. Uliza pia kama kuna ndugu aliyewahi kufa "kwa tumbo", na alikuwa na miaka mingapi. Historia hiyo ndiyo daktari atakayoitaka.

Hakikisha mzee na mama wamesajiliwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usajili unafanyika kwa *147# na unaweza kuwasaidia ukiwa mbali. Kwa wasio na mshahara mchango ni wa mwaka mzima, kwa hivyo ndugu mchangishane mapema, kabla hospitali haijawauliza.

Wakishavuka miaka 45, mwaga swali hili kwa kituo cha afya kilicho karibu: kipimo cha FIT kinapatikana wapi? Kama hakipo, uliza rufaa ni ya wapi. Maswali mengi kutoka kisiwa kimoja huwa vigumu kuyapuuza.

Na wewe mwenyewe, ukiona damu, usiulize Google usiku wa manane halafu unyamaze miezi sita. Nenda. Ukiambiwa ni bawasiri, sawa, tibiwa. Isipoisha, rudi useme haijaisha. Kuna aibu ya dakika tano mbele ya daktari, na daktari huyo ameshaona wagonjwa kama wewe wengi tu kabla ya saa sita mchana.